Kuhesabiwa na Kutajwa

Mazungumzo ya jioni hii yanahusu nasaba, na hasa njia moja ya kuitafuta ambayo wenzetu wa ng'ambo wameiendeleza mno katika miaka hii, nayo ni kuzitwaa daftari za sensa za zamani na kumfuata mtu mmoja kutoka daftari hadi daftari, tangu alipoandikwa mtoto mchanga katika nyumba ya baba yake hadi alipoandikwa mzee mjane katika nyumba ya mwanawe. Nitaieleza kwanza kama ilivyo huko ilikostawi, kisha nitaileta hapa Kawetele, kata iliyomo katika mji wetu wa Tukuyu, tuone itafika wapi na itakwama wapi. Maana wako vijana wa hapa, wengi wao wakiishi Mbeya, Dar es Salaam na nchi za mbali, ambao huyahesabu masimulizi ya wazee wao kuwa ngano tupu, wakaamini kwamba ukweli wa ukoo umelala mahali fulani katika karatasi za serikali, ukimngoja mtu mwenye intaneti nzuri aje kuuamsha.

Uingereza ilianza kuhesabu watu wake kila baada ya miaka kumi mwaka 1801, na tangu mwaka 1841 majina ya watu wa kila nyumba yamehifadhiwa katika daftari za hesabu hiyo. Daftari hizo hufungwa kwa miaka 100, na ile ya mwaka 1921 ilifunguliwa kwa watu wote Januari 2022. Lakini atakayetaka kuendelea mbele kutoka hapo atakuta shimo, kwa kuwa daftari za mwaka 1931 ziliteketea kwa moto Desemba 1942, nayo sensa ya mwaka 1941 haikufanyika kabisa kwa sababu ya vita. Marekani, ambako hesabu ilianza mwaka 1790, daftari hufungwa kwa miaka 72. Za mwaka 1950 zilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022, ilhali za mwaka 1890, isipokuwa vipande vichache mno, ziliharibika kwa moto uliotokea Washington mwaka 1921 na kwa maji yaliyomwagwa kuuzima. Nayataja haya mapema ili asiwepo msikilizaji atakayedhani kwamba mapengo ya kumbukumbu ni taksiri ya Waafrika peke yao.

Sasa kazi yenyewe ya kuunganisha hufanywaje? Mwunganishaji hushika mambo matatu ambayo hayatarajiwi kubadilika, yaani jina, mwaka wa kuzaliwa na mahali pa kuzaliwa. Akimkuta mwaka 1880 mtoto wa miaka minane aliyezaliwa Ohio, huenda katika daftari za mwaka 1900 akamtafuta mtu wa jina lile lile, aliyezaliwa Ohio, mwenye umri wa miaka 28 au karibu na hapo, akiachia nafasi ya mwaka mmoja au miwili huku na huku, kwa kuwa karani husikia vibaya na mtu husahau. Akimpata mmoja tu wa sifa hizo humwunga, na akiwapata wawili au watatu walio sawa, mwunganishaji mwaminifu huwaacha wote, hata kama moyo wake unampenda mmoja wao. Kanuni hiyo ya kuacha ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, nasi tutairudia.

Kwa njia hiyo wanazuoni waliunganisha wanaume kwa miaka mingi wakawaacha wanawake, kwa sababu mwanamke wa huko akiolewa hubadili jina la ukoo, naye aliyekuwa katika daftari ya kwanza kwa jina la babaye hutoweka, akazuka katika daftari ya pili mke wa mtu kwa jina jingine, na mashine haina la kuijulisha kwamba hao wawili ni mmoja. Waliokivuka kizuizi hicho ni wataalamu wa vyuo vikuu viwili, Brigham Young na Notre Dame, ambao wameziunganisha sensa za Marekani za tangu 1850 hadi 1940 kwa viungo vinavyohesabika kwa mamia ya mamilioni, wanawake wakiwa ndani. Na namna walivyovuka inastahili kusikilizwa kwa makini. Hawakuanza na mashine. Walianza na viungo ambavyo watu wa kawaida, wajukuu na vitukuu, walikuwa wamekwisha vifunga wenyewe katika tovuti ya FamilySearch, iendeshwayo na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kila mmoja kwa ajili ya jamaa zake tu. Mjukuu alijua kwamba binti fulani wa fulani ndiye bibi yake, aliyeolewa kwa fulani wa kule, kwa kuwa aliambiwa na mamaye jikoni. Mashine ikafundishwa kwa mifano ya wajukuu hao, kisha ikatumwa kuwatafuta wengine wasio na wajukuu wa kuwasemea. Basi ile kazi ambayo vijana wetu huidhania kuwa ni ya karatasi na umeme, chimbuko lake ni maneno ya wazee.

Na liko jambo jingine la Marekani linalotugusa. Katika sensa za mwaka 1850 na 1860 watumwa waliandikwa katika daftari ya peke yake, chini ya jina la bwana wao, kwa umri, jinsi na rangi, bila majina isipokuwa kwa nadra. Na kwa wazao wao walio wengi, mwaka 1870 ndio mwanzo wa kumwona babu akitajwa kwa jina lake kama mtu. Waliokuwa nyuma ya mwaka huo walihesabiwa, hawakutajwa. Tofauti hiyo ya mambo mawili ndiyo ninayotaka muishike tunaporudi nyumbani, kwa sababu historia ya hesabu za watu katika nchi yetu karibu yote imesimama juu yake.

Dola ya Wajerumani ilipoweka kodi ya nyumba kwa amri ya Novemba 1897, ilihesabu vibanda. Waingereza walioiteka nchi hii ya Rungwe mwaka 1916 waliendelea na kodi ya nyumba, wakaongeza kodi ya kichwa kwa mwanamume asiye na nyumba, na daftari za kodi zikawa kwa muda mrefu ndizo msingi wa makadirio ya idadi ya watu, hata katika hesabu za mwaka 1921, 1928 na 1931. Katika daftari ya namna hiyo mwenye jina ni mlipaji. Wake zake watatu, ikiwa anao, ni vibanda vitatu, na watoto hawamo, kwa kuwa mtoto halipi. Sensa ya kwanza iliyofanywa kwa utaratibu wa kisasa katika Tanganyika, Kenya na Uganda ni ile ya mwaka 1948, ikafuatwa kwetu na ya mwaka 1957. Lakini hata katika hesabu kuu ya Waafrika ya mwaka 1948 umri wa mtu uliandikwa kwa mafungu mapana, mtoto, kijana, mtu mzima, mzee, na asiyekuwa na mwaka wa kuzaliwa amekwisha mpotezea mwunganishaji moja ya nguzo zake tatu. Baada ya uhuru tumehesabiwa mara sita, kuanzia tarehe 26 Agosti 1967, tulipokuwa milioni 12 na ushei, kisha 1978, 1988, 2002 na 2012, hadi tarehe 23 Agosti 2022, makarani walipopita na vishikwambi badala ya karatasi, tukawa 61,741,120.

Majina tuliyowatajia makarani hao hayatolewi kwa mtu, kwa kuwa Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inaitaka serikali iyafanye siri, na karani akiyatangaza ana hatia. Kilichotolewa kwa watafiti ni sampuli ya asilimia 10 ya sensa za 1988, 2002 na 2012, ambayo imewekwa katika hazina ya Chuo Kikuu cha Minnesota iitwayo IPUMS, nayo imefutwa majina na alama zote za kumtambulisha mtu. Msomaji wa sampuli hiyo aweza kujua kaya za wilaya fulani zilivyokuwa, ngapi ziliongozwa na wanawake, watu wangapi walizaliwa mkoa mwingine, lakini hatamwona babu yake hata akikesha. Sioni ubaya wa sheria hiyo. Mama aliyemwambia karani kwamba mtoto yule wa tatu si wa mume wake alisema kwa sababu aliahidiwa kusitiriwa, na ahadi ya serikali kwa mama wa Kawetele haina sababu ya kuwa nyepesi kuliko ahadi ya serikali ya Uingereza kwa mama wa Manchester.

Hata hivyo, tuseme mlango huo umefunguliwa, na daftari zote tangu 1948 zimewekwa mezani zikiwa na majina kamili. Je, tutafika? Mimi nasema kwamba hapa Rungwe tutakwama mapema kuliko mtu wa Ohio, na sababu yake ni namna watu wa hapa walivyokaa, ambayo haikufanana na ile iliyokuwa akilini mwa waliobuni sensa.

Sensa hudhani kwamba watu walalao chini ya dari moja na kula chungu kimoja ndio jamaa, na kwamba mwana akikosekana leo katika nyumba ya baba atapatikana kesho katika nyumba ya jirani ya kijiji kile kile. Wanyakyusa wa zamani, ndio watu wa hapa Rungwe, walikaa kwa hirimu, yaani kwa marika. Mvulana alipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja aliondoka kulala kwa babaye, akajiunga na wenziwe wa umri wake, wakajenga vibanda vyao pembeni, na hapo wakawa wanalala pamoja, ingawa waliendelea kwenda kula kwa mama zao, kundi zima leo kwa mama huyu na kesho kwa mama yule. Walipooa walileta wake zao pale pale, na kile kilichoanza kuwa kambi ya wavulana kikawa kijiji kamili chenye jina lake na migomba yake. Baba alikuwa na kijiji chake cha hirimu yake, mwana na chake, na ndugu wawili waliopishana miaka mingi waliweza kuwa wa vijiji viwili tofauti kwa maisha yao yote. Kisha kila kizazi, kiasi cha miaka thelathini hivi, ilifanyika sherehe kubwa ya kuwatoa vijana, ambayo kwa Kinyakyusa huitwa ubusoka, wazee wakawakabidhi wana wao utawala, ardhi ikagawanywa upya, na milki ya mtawala mmoja ikagawanyika kuwa mbili kwa wanawe wawili. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa na watu hawa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliyaandika mambo hayo kwa urefu, na Monica akayatolea kitabu mwaka 1951, wakati ambapo desturi yenyewe ilikuwa imekwisha anza kudhoofika kwa uhaba wa ardhi na kwa kahawa, ambayo mtu akishaipanda hakubali kuhamishwa.

Sasa mweke hapo mwunganishaji wetu na kanuni zake. Anamtafuta mvulana wa miaka kumi na miwili katika kaya ya babaye, hayumo. Amelala kwa wenziwe, na karani amemwandika huko, au hakumwandika kabisa kwa kudhani ameandikwa kwa mamaye. Anakitafuta kijiji cha babu kwa jina lake, hakipo. Hirimu ya babu imekwisha, na mahali pale pana jina la hirimu nyingine. Anamfuata mtawala, nao watawala wamekuwa wawili. Mahali pa kuzaliwa, ambapo kwa mtu wa Ohio ni mwamba, kwetu ni jina la rika la watu waliokwisha kufa.

Jina nalo lina visa vyake. Majina ya hapa ni mazuri, na kwa uzuri wake yamekuwa ya watu wengi. Ingieni leo katika darasa lolote la Tukuyu mkaite Ipyana, Lusajo, Gwamaka au Lugano, mtajibiwa na zaidi ya sauti moja, na mkiongeza jina la ukoo lenye mwanzo wa Mwa, bado hamjaondoa shaka. Fauka ya hayo, mtu wa kizazi cha kwanza cha Ukristo alikuwa na jina la utotoni na jina la ubatizo, na huenda kwa mwenye kodi alitumia moja na kwa mchungaji akatumia jingine. Kalamu ya Kijerumani nayo iliandika Mua pale ambapo sisi huandika Mwa, ikawaita watu wote wa hapa Wakonde, hata mtafutaji asiyejua hilo huupita ukoo wake katika ukurasa bila kuusalimu.

Lakini kisa kikubwa kuliko vyote ni urithi wa wajane. Mwanamume alipokufa, mrithi wake, aghalabu mdogo wake wa tumbo moja, alishika nafasi yake yote, mashamba, ng'ombe, wake na watoto, na mtoto aliyebaki mdogo alikua akimwita baba mtu yule wa pili, wala hakuwa anadanganya, maana kwa sheria ya ukoo ndiye baba yake. Karani aliuliza, baba yako nani? Akajibiwa jibu la kweli lisilo jibu la swali lake. Mwunganishaji wa Marekani akiipata karatasi hiyo atafunga kiungo chake kwa furaha, na atakuwa amekosea kizazi kizima kilichomtangulia.

Ndiyo maana naona kwamba uzi wa nasaba katika Rungwe haupiti vizuri kwa jina la mwanamume, ambalo ndilo lililoandikwa, bali kwa ndoa ya mwanamke, ambaye hakuandikwa. Ndoa hapa ilifungwa kwa ng'ombe, nao ng'ombe wale walikumbukwa mmoja mmoja, ametoka kwa nani, amekwenda kwa nani, amezaa ndama wangapi, na ng'ombe wa mahari ya dada ndio waliomwolea kaka. Ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali waliweza kuhesabiana karibu au mbali kwa kufuata ni nyumba ipi iliyoiazima nyingine ng'ombe wa kuoa. Muulizeni mzee wa Kawetele, mwanamume au mwanamke, babu wa babu yenu alizaliwa mwaka gani, atanyamaza. Muulizeni bibi mzaa bibi aliolewa kwa ng'ombe wa nani, na nani aliyewala ng'ombe wake, mtakaa kitako mpaka chai ipoe. Hayo hayamo katika sensa yoyote, na ndiyo yale yale ambayo wajukuu wa Marekani waliifundisha mashine.

Ongezeni hapo watu waliokuwa ghaibu. Sensa zetu humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya hesabu, na vijana wa Rungwe, tangu miaka ya thelathini, wengi walikuwa wamelala kwingine: katika dhahabu ya Lupa huko Chunya, katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine katika dhahabu ya Afrika Kusini, walikopelekwa kwa mikataba ya WENELA, shirika la kuajiri wafanyakazi wa migodi, hadi Tanganyika huru ilipoikomesha biashara hiyo. P. H. Gulliver, mwanazuoni aliyetumwa na serikali katika miaka ya hamsini kuchunguza ardhi na kazi za Wanyakyusa, aliandika habari za uhamaji huo kama jambo la kawaida katika maisha ya mwanamume wa hapa. Basi babu aliyekosekana Kawetele mwaka 1948 au 1957 huenda hakuwa amekufa, wala si kwamba alikuwa hajazaliwa. Alikuwa chini ya ardhi karibu na Johannesburg. Nyaraka za shirika hilo na la mrithi wake, TEBA, zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Johannesburg, nazo ni katika karatasi chache za zama hizo zilizojali kumtaja kwa jina kijana asiye na mke wala nyumba, kwa sababu moja tu, kwamba mshahara lazima umfikie mtu maalumu.

Iliyobaki ni daftari ambayo watu wa hapa wanayo karibu zaidi, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo sensa ya kweli ya Rungwe. Wamoravian kutoka Herrnhut walifika chini ya mlima Rungwe mwaka 1891, na mwaka ule ule Wamisionari wa Berlin wakaingia Konde. Vituo vikafuatana, Rungwe, Rutenganio na Ipiana kwa Wamoravian, Manow na Mwakaleli kwa Waberlin, ambao kazi yao leo ni ya Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kilutheri. Desturi ya makanisa hayo ilikuwa kuandika, na kitabu cha ubatizo humtaja mtoto, baba, mama, siku na kituo. Angalieni neno lile la tatu: mama. Hapo mke aliyekuwa kibanda katika daftari ya kodi ana jina. Vita vya kwanza viliukata mfululizo huo, Wajerumani wakaondolewa, kazi ikasimamiwa kwa miaka kadhaa na Waskochi wa misheni ya Livingstonia, na katika mahali kama hapo mwandiko hubadilika katikati ya ukurasa, wino mweusi wa mmisionari ukaachia penseli ya mwalimu wa kienyeji, ambaye tahajia yake ya majina, na hili nalisema bila kupendelea, ni bora zaidi.

Si dhana tupu kwamba vitabu vya namna hiyo vyaweza kufanya kazi ya sensa. Huko Uganda wanazuoni wamezisoma daftari za ndoa za Kianglikana, zikiwamo za kanisa kuu la Namirembe jijini Kampala, tangu mwaka 1895 hadi 2011, zaidi ya maarusi wanaume 14,000, na kwa kuwa kila mmoja aliandikwa kazi yake pamoja na kazi ya babaye, waliweza kuona mtoto wa mkulima alivyokuwa karani na mtoto wa karani alivyokuwa daktari, vizazi juu ya vizazi. Hakuna aliyewafungulia daftari ya sensa. Walifungua kabati la kanisa.

Kwa mtu wa Kawetele atakayeanza kesho, basi, ningemwomba aanze na walio hai na wale waliozikwa karibu na nyumba, maana wengi wetu bado huzika nyumbani, na kaburi la saruji lina tarehe iliyochorwa kwa msumari kabla haijakauka, mara nyingine herufi moja imegeuka nyuma mbele, lakini imeandikwa siku ya tatu au ya nne na watu waliokuwapo. Kisha aende kwa mchungaji kwa adabu, akiwa na majina ya kituo na ya mama, si la baba peke yake. Kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kata, ambako daftari la wakazi ni kile kitabu cha jalada gumu kilichopigwa mistari kwa mkono, na ambalo litamwonyesha nani alihamia kutoka wapi. Umri wa wazee asiulize kwa miaka, kwa sababu hata katika sensa watu wasiojua mwaka wao hujirundika kwenye miaka inayokwisha kwa sifuri na tano. Aulize mtu alikuwa mkubwa kiasi gani Wajerumani walipoondoka, au wakati wa homa kubwa ya mwaka 1918, au uhuru ulipoingia. Na akikutana na Ambakisye wawili wa ukoo mmoja, umri mmoja na kituo kimoja, asichague. Shajara ya nasaba yenye pengo lililo wazi mwingine ataijaza. Iliyozibwa kwa mtu asiye wake, nani atarudi kuifumua?

Mwisho nitataja karatasi moja ambayo Rungwe huiandika kila juma na kuitupa kila juma. Katika mazishi yetu husomwa wasifu wa marehemu. Wamoravian walikuwa na desturi hiyo kwao Ujerumani tangu karne ya 18, kila muumini akiacha habari za maisha yake zisomwe siku ya kuzikwa kwake, na Herrnhut imehifadhi maelfu ya habari hizo mpaka leo. Sisi husoma yetu tukiwa tumesimama karibu na jeneza, kwa karatasi mbili zilizoandikwa usiku na mtoto wa kaka mwenye mwandiko mzuri: marehemu alizaliwa, alibatizwa, alifunga ndoa, alifanya kazi, aliugua. Kisha karatasi inakunjwa, inatiwa mfukoni mwa koti, na koti linafuliwa. Nami nimesikiliza nyingi kiasi cha kujua zinavyokwisha, kwamba marehemu ameacha mjane, watoto saba, wajukuu 23 na vitukuu 11, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Mjane hatajwi jina, wala alikotoka. Wajukuu ni 23. Upande wa pili wa karatasi ile ya pili aghalabu hauna kitu, na majina 23 pamoja na majina ya mama zao yanaenea hapo bila shida, hata kwa mwandiko mkubwa.